Tumeweka ufito chini na mchana tumewarudishia watoto: malezi ya nyumbani kwetu, Wete

Mama wa Wete (mtoa uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auweke pembeni ausome usiku watoto wakishalala. Nataka kueleza namna nyumba yetu ilivyotoka kwenye malezi ya bakora na amri ikaingia kwenye malezi ya upole, na namna tulivyowaondolea watoto masomo ya kulazimishwa baada ya skuli. Niko Wete, Pemba. Mume wangu ni fundi wa mashine za boti, mie nashona nyumbani. Watoto ni watatu: mkubwa wa kike, anakaribia mtihani wa kumaliza skuli ya msingi, wa kati wa kiume, na mdogo ndiyo kwanza ameanza maandalizi.

Ninaloliamini nalisema mapema. Mtoto anayekuogopa hakuulizi kitu, na asiyeuliza hajifunzi, anakariri tu. Kwa hiyo kwangu mie kuweka ufito chini na kumpa mtoto nafasi ya kujifunza anachokitaka ni jambo moja.

Nyumba yetu haikuwa ya ukatili, ilikuwa nyumba ya kawaida ya hapa. Ufito wa mpera ulikaa juu ya kabati, kila mtoto anaujua urefu wake. Ukichelewa kurudi, ufito. Ukivunja sahani, ufito. Ukijibu kwa sauti ya juu, ufito na maneno juu yake. Jirani naye alikuwa na ruhusa, akikukuta njiani unatukana anakuchapa, na ukifika nyumbani ukasema, unaongezwa. Chuoni, madrasa ya Qur'ani, ndiyo usiseme, maana mzazi anamkabidhi mtoto kwa maalim kwa maneno yale yale waliyoyasema babu zetu: nyama yako, mifupa yangu, yaani mchape utakavyo mradi usimvunje.

Kilichotufanya tukae chini mie na mwenzangu si bakora yenyewe, ni uongo. Simu ya baba yao ilianguka ikapasuka kioo. Wa kati akaichukua akaifukia ndani ya ndoo ya mchele. Tuliitafuta nyumba nzima, tunaipiga, imezimwa. Tulipoikuta, siku tunapima mchele wa wageni, mtoto alitutazama usoni bila kupepesa akasema kaiweka mdogo wake. Mdogo wakati huo hata kuongea sawasawa bado. Mtoto yule hana roho mbaya, anampenda mdogo wake mpaka anamlisha kwa mkono wake, lakini siku ile alikuwa radhi mdogo achapwe badala yake. Baba yao akasema usiku ule: "Huyu haogopi kosa, anatuogopa sisi." Na mtoto akishakuogopa wewe badala ya kosa, kazi yake inakuwa kukuficha tu.

Nikaja kujua kwamba hili limesemwa zamani sana. Ibn Khaldun, aliyefariki Cairo mwaka 1406, alieleza kwamba ukali kwa wanafunzi unawadhuru, hasa wadogo: unawafundisha uongo na hila, wanaonyesha kinyume cha kilichomo moyoni kwa kuogopa mkono, mpaka inakuwa ndiyo tabia yao. Namtaja makusudi, kwa sababu kila ukizungumza upole kwa watoto anatokea mtu anakwambia hayo ni mambo ya Wazungu. Huyu alikuwa kadhi, na amesema hayo zaidi ya miaka mia sita iliyopita.

Wiki za mwanzo zilikuwa vurugu, na ni heri mjue kabla hamjaanza. Watoto waliozoea kwamba mpaka ni ufito, ukiuondoa ufito wanatafuta mpaka umehamia wapi. Wanakujaribu. Mkubwa alikataa kuosha vyombo huku amenitazama. Wa kati alirudi nyumbani usiku wa isha. Wengi wanaishia hapo hapo, wanasema tumejaribu haikufaa, wanarudi juu ya kabati.

Sie tulibakisha sheria chache mno, ambazo hazina mjadala: sala, kusema uko wapi, kutompiga mtu, na kila mmoja na kazi yake ya nyumba. Mengine yote yanazungumzika. Na kosa linafuatwa na kitu kinachotokana na kosa lenyewe, si maumivu. Umemwaga, futa. Umechelewa, kesho hutoki. Umeharibu cha mtu, unakwenda kwake.

Wa kati alivunja kioo cha dirisha la jirani kwa mpira. Zamani ningemchapa mbele ya jirani ili jirani aridhike, na kioo kingelipwa na baba yake. Safari hii alikwenda mwenyewe, mie nimesimama nyuma yake sisemi neno, akasema, "Ami, nimevunja mie, naomba radhi, nitalipa." Sauti inatetemeka. Kwa kweli ingekuwa rahisi kwake kuchapwa, bakora inakwisha papo hapo. Jirani alitaka kumsamehe, nikamwomba asimsamehe, amruhusu alipe. Ilikuwa msimu wa karafuu, kwa hiyo fedha ya kioo akaenda kuitafuta kwa shangazi yake, na hapo ndipo linapoingia jambo la pili.

Mama wa Wete (mtoa uzi)

Naendelea.

Angalieni siku ya mtoto wa kisiwani kwetu. Asubuhi skuli, au mchana kama skuli yake ina mikondo miwili. Alasiri chuo. Magharibi tuisheni. Jumamosi na Jumapili chuo tena na tuisheni tena. Chuo kinapumzika Alhamisi na Ijumaa, lakini Alhamisi skuli iko palepale. Mtoto wa miaka tisa hana saa ambayo mtu mzima hakumpangia. Kisha tunalalamika kwamba akipewa simu haiachi mkononi. Ndiyo mahala pekee anapochagua mwenyewe!

Marekani kulikuwa na mwalimu anaitwa John Holt. Alisomesha darasani miaka mingi, akaona watoto wenye akili wanafanya kazi ya kumridhisha mwalimu badala ya kufahamu, na kuanzia 1977 akawa anatoa jarida la wazazi wanaolea watoto bila skuli kabisa: mtoto anajifunza kwa maisha, kwa anachokipenda, kwa kukaa karibu na watu wazima wanaofanya kazi za kweli. Nilipoyasoma hayo sikuona ugeni mkubwa. Nani alimfundisha baba yangu kusoma nyota, upepo na maji? Nani alimfundisha bibi yangu kushona kofia za viua, tundu kwa tundu, pande mbili zikafanana bila rula? Hawakukaa dawatini. Walikaa pembeni ya mtu anayejua.

Hatukuwatoa skuli, na nitaeleza kwa nini nikijibu maswali. Chuo pia kimebaki. Tulichoondoa ni tuisheni na amri ya kudurusu kila usiku. Kuanzia alasiri, akishatoka chuo, muda ni wake. Masharti ni mawili tu: simu si mchezo wa muda huo, na akitaka kujifunza kitu sie wazazi tunamtafutia mtu au kifaa.

Turudi kwenye karafuu. Shangazi yao ana mikarafuu michache upande wa Mtambwe. Kupanda juu ya mkarafuu tumemkataza mtoto kabisa, kila msimu watu wazima wanaanguka na wengine hawainuki tena. Kazi yake ilikuwa jamvini: kuchambua karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake, pamoja na kina mama, na kushika daftari la wachumaji, nani kaleta pishi ngapi. Siku za mwanzo akawa anakosea kujumlisha, wachumaji wanamkatalia, anarudia. Hakuna aliyemchapa kwa kukosea, lakini mchumaji akisimama mbele yako anadai pishi yake hutasahau kujumlisha maisha.

Kisha akaja na swali lake. Shangazi alipima kilo thelathini mbichi akazianika, baada ya siku kadhaa juani akapima tena, kumi na kidogo. Mtoto akadhani zimeibiwa. Kweli, alikwenda kuwahesabu kuku waliokuwa wanapita jamvini! Shangazi hakumwambia jibu, alimpa mizani. Akatenga fungu lake dogo kwenye ungo, kila jioni anapima, anaandika. Namna alivyokuwa anazishika ndiyo iliyonifurahisha: jioni ya kwanza zinapinda kwenye vidole, baadaye zinakatika kwa mlio. Mwishowe akaniambia, "Mama, zinabaki theluthi." Skuli alikuwa amekariri sehemu, anaziandika vizuri daftarini, lakini hajui theluthi ni nini. Sasa ameishika mkononi. Halafu yakafuata mengine yenyewe: maji yamekwenda wapi, kwa nini makonyo yananukia na yenyewe si karafuu, kwa nini yananunuliwa. Baba yake akamweleza kuhusu kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kinachokamua mafuta kutoka kwenye makonyo kwa mvuke, na mtoto akataka kujua mvuke unakamua vipi. Mpaka leo sufuria langu moja lina kifuniko kilichotobolewa. Kioo cha jirani akakilipa.

Mkubwa yeye kapenda bahari. Anafuatana na bibi yake pwani wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, kuokota kombe, akaanza kuandika kwenye kalenda ya ukutani maji yamekupwa saa ngapi. Akaona mwenyewe kwamba bamvua linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwamba kila siku maji yanachelewa karibu saa nzima kuliko jana. Alipotaka kujua sababu ikabidi asome Kiingereza kwenye simu ya baba yake, kwa hiyo Kiingereza kile alichokuwa anakikimbia tuisheni sasa anakifuata mwenyewe na kamusi mkononi.

Alama za skuli? Za mkubwa ziko palepale, za wa kati zimepanda kidogo. Ninachokiona tofauti ni kwamba jioni watoto wangu wanazungumza nasi.

Mzee wa Chake

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho na Mungu akuhifadhie watoto wako. Lakini wazee walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Sisi tulichapwa nyumbani, tukachapwa chuoni, tukachapwa skuli, na tumekuwa watu. Watoto wa siku hizi unawapita njiani hata shikamoo hawakupi. Ukiondoa bakora utabaki na nini?

Mama wa Wete (mtoa uzi)

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umesoma.

Methali hiyo naikubali, wala sijaiacha. Mimi simchelei mwanangu kulia. Wa kati alilia usiku mzima nilipomkatalia simu, nikakaa naye kitandani mpaka akalala, na simu sikumpa. Watu wanachanganya malezi ya upole na kumwachia mtoto afanye atakavyo. Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Diana Baumrind, katika miaka ya 1960 alizitenga njia hizi: kuna mzazi wa amri asiyetaka kuulizwa, kuna mzazi anayeachia kila kitu, na kuna mzazi mwenye mapenzi na msimamo, anayeweka mpaka na kuueleza. Sie tunaitafuta hiyo ya mwisho, na ndiyo ngumu kupita zote. Kuchapa ni dakika moja. Kukaa na mtoto ukamweleza, akakubishia, ukamweleza tena, na bado ukasimama palepale, inakula jioni nzima.

Na hili la kwamba tulichapwa tukawa watu, mzee wangu, naomba tulitazame vizuri. Nikikumbuka walionifanya mie mtu, nawaona wazee waliokaa nasi barazani wakatupa vitendawili, baba aliyenichukua kwenye dau, bibi aliyenifundisha kushona. Bakora ilikuwapo katika siku hizo hizo, ndiyo, lakini kazi ilifanywa na wale watu na muda waliotupa. Muda huo sasa hatuwapi watoto, bakora tumeibakisha.

Kuhusu shikamoo, wangu wanaamkia. Walianza kuamkia kwa sababu baba yao anaamkia wakubwa zake mbele yao kila siku.

Maalim wa Konde

Assalaam alaykum. Mimi nasomesha chuo, na najua kuna watu wanasubiri Hadithi ya sala iletwe hapa, basi naileta mwenyewe: waamrisheni watoto wenu sala wakiwa na miaka saba, na wapigeni kwa ajili yake wakiwa na kumi. Wengi wanaanza kuisoma katikati. Kati ya saba na kumi kuna miaka mitatu, na kila siku sala tano. Huyu mtoto ameitwa kwenye sala zaidi ya mara 5,000 bila kuguswa. Nani kati yetu amefanya hivyo kwanza, kwa upole, mara elfu tano, ndipo aseme nimeshindwa? Na hata hapo wanavyuoni wameweka masharti: si uso, si kuumiza, si kwa hasira. Bakora ninazoziona mimi kwenye vyuo vyetu ni za herufi na aya, na ni za hasira.

Anas bin Malik, Mwenyezi Mungu amridhie, alimtumikia Mtume, rehema na amani zimshukie, miaka kumi tangu yungali kijana. Amesema hakuambiwa hata "ah", wala "kwa nini umefanya hivi", wala "kwa nini hukufanya vile". Na yule Aqra bin Habis aliyejisifu kwamba ana watoto kumi hajambusu hata mmoja, aliambiwa asiyerehemu harehemewi.

Henzirani yangu, bakora ya chuo, nimeiweka chini. Watoto wangu ni wengi, siwezi kumsikiliza kila mmoja peke yake, kwa hiyo waliokwisha kuhitimu juzuu wanakaa na wadogo, wanawasomesha kwa utulivu, na mimi nasikiliza mmoja mmoja mwisho. Kelele zipo. Lakini mtoto akikosea anarudi kusoma, hakimbilii mlangoni.

Bi Mkubwa wa Mkoani

Mie sina la kusema juu ya bakora, maalim kamaliza. Nataka kusema kuhusu hilo la watoto kusoma bila skuli.

Wanangu, elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964. Mie nimezaliwa baada ya hapo, na bado nilitolewa. Nilifika darasa la saba, baba akasema inatosha, msichana mkubwa huyu, na kabla mwaka haujageuka nikaolewa. Sikuuliza kitu kwa sababu nyumbani kwetu hakukuwa na kuuliza. Hesabu nilizijua kuliko kaka zangu. Leo mtu akisema mtoto anaweza kujifunza nyumbani, mwili wangu unasisimka, kwa sababu maneno hayo hayo ndiyo niliyoambiwa: atajifunza nyumbani. Nikajifunza kukuna nazi. Tafadhalini msiwape watu sababu nyengine ya kuwatoa wasichana skuli.

Mama wa Wete (mtoa uzi)

Bi mkubwa wangu, shikamoo. Nimeyasoma maneno yako mara kadhaa kabla ya kujibu, na nimemsomea mume wangu.

Kuna watu wameniandikia pembeni wakiuliza vipi nitawatoa wanangu skuli moja kwa moja. Sitawatoa. Zanzibar elimu ya msingi ni lazima, na Sheria ya Mtoto namba 6 ya 2011 inaihesabu elimu kuwa haki ya mtoto, mzazi hana uwezo wa kuikata. Lakini hata bila ya sheria nisingefanya, kwa sababu hiyo hiyo uliyoisema. Marekani mzazi anaweza kumlea mtoto bila skuli, na mtoto akifika umri wa chuo kikuu kuna njia za kumpokea. Hapa kwetu cheti ndiyo mlango. Msichana wa Pemba asiye na cheti anabaki kutegemea mwanamume mzuri amjie, na si kila anayekuja ni mzuri.

Kujifunza kwa uhuru ninakokusema mie kunajaza saa ambazo skuli haiko. Mwanangu wa kike aende skuli, na akirudi aulize kuhusu bahari mpaka achoke. Na siku baba yake au mie tukitaka kumpangia jambo la maisha yake, nataka awe amezoea kutuuliza kwa nini, na sie tumezoea kujibu. Wewe hukupewa hilo, na mie linaniuma.

Sheria hiyo hiyo, kwa wanaotaka kujua, inakataza ukatili, mateso na adhabu ya kumdhalilisha mtoto. Inamwachia mzazi kumrudi mtoto wake, kwa sharti kwamba isimdhuru mwili wala akili. Ni sheria iliyosifiwa nje, mwaka 2015 ilipata tuzo ya kimataifa. Lakini sheria haiingii chumbani usiku unapokuwa na hasira. Hapo tuna Hadithi nyengine: ukikasirika nawe umesimama, kaa, hasira isipoondoka, lala. Mie nakaa chini palepale, hata jikoni kwenye sakafu. Watoto wameshajua mama akikaa chini ghafla wampishe kidogo.

Mama wa Jang'ombe

Dada, mie niko Unguja mjini na naishi na mama mkwe. Haya yote nayakubali, lakini nifanyeje? Nikimwambia mtoto kwa upole, mama mkwe anasema nawalea wahuni, anachukua ndara anamaliza kazi. Mume wangu yuko kimya, hayuko huku wala huko. Na tuisheni, mwalimu anayesomesha tuisheni ndiye yule yule wa darasani, naogopa nikimtoa mtoto atamchukia.

Mama wa Wete (mtoa uzi)

Shoga yangu, naanza na mama mkwe maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Usishindane naye kwa maneno, na usimwambie kwamba alimlea mumeo vibaya, hata kwa mafumbo. Kwanza mume aongee na mama yake yeye mwenyewe, si wewe. Kwetu mume alimwambia mama yake maneno haya tu: "Mama, hawa naomba niwarudi mie mwenyewe, wakikukosea niite." Hakumwambia asiwapige, alichukua mzigo. Mama alinuna siku mbili tatu, kisha akaanza kumwita kweli, na akiitwa anakuja, anaacha hata boti. Ukimwambia bibi niite halafu usije, umekwisha.

Pili, mpe bibi kazi ambayo wewe huiwezi. Mama mkwe wangu ana hadithi na vitendawili ambavyo mie sina, na usiku wa umeme kukatika ni wake. Mtoto aliyekaa na bibi yake akicheka, bibi huyo anapata tabu sana kumpiga asubuhi.

Mume aliye kimya, mtafutie jambo moja la kufanya na mtoto, wao wawili. Usimpe somo la malezi. Wangu alibadilika kweli siku wa kati alipomwuliza habari za mashine ya boti na yeye akagundua anajua kueleza. Sasa Ijumaa baada ya sala wanafungua kabureta pamoja ukumbini, na mafuta yananuka mpaka jikoni.

Tuisheni ni jambo gumu na nakuelewa. Usimtoe mtoto kimyakimya, mwalimu ataona umemdharau. Nenda mwenyewe, mpe heshima yake, mwambie mtoto amechoka na unataka apumzike muhula mmoja, na mwombe akwambie ni wapi mtoto ana udhaifu ili umsaidie nyumbani. Mie nilikwenda na boflo na samaki wa kukaanga. Mwalimu naye ana familia, na fedha ya tuisheni kwake ni chakula, kwa hiyo msimlaumu. Kama mtoto yuko mwaka wa mtihani na mwenyewe anataka kusoma tuisheni, mwache asome. Mkubwa wangu ameomba arudi kwenye hesabu mara mbili kwa wiki mpaka mtihani, na tumemrudisha. Alichagua yeye siku na mwalimu.

Na kwa maalim wa chuo sie tulifanya hivi: baba yao alikwenda baada ya alasiri akamwambia, "Maalim, nyama na mifupa yote bado yangu. Akikushinda nitumie habari, nitakuja kukaa naye hapa hapa darasani." Alitumiwa habari mara moja, akaenda, akakaa mkekani pamoja na watoto mpaka magharibi. Tangu hapo maalim na mwanetu hawana ugomvi.

Maalim wa Konde, nakuomba ukipata nafasi utuandikie namna unavyowagawa wale wakubwa na wadogo, wangapi kwa mmoja, na unafanyaje mkubwa akianza kumpiga mdogo kama alivyozoea kupigwa yeye. Chuo cha huku kwetu wametuuliza, wako tayari kujaribu baada ya Ramadhani.